Kitabu Kilichokosea Bado Kinatafutwa

Mwaka 1950 J. Eric S. Thompson, gwiji wa akiolojia ya Wamaya, watu wa kale wa Mexico na Amerika ya Kati, ambaye wenzake wachache walithubutu kubishana naye, alichapisha Maya Hieroglyphic Writing. Humo alishikilia kwamba maandishi ya Wamaya hayaandiki sauti za lugha. Miaka miwili baadaye Yuri Knorozov, msomi wa Kisovieti aliyekuwa Leningrad, akaonyesha namna ya kuyasoma kwa silabi. Thompson alimpinga mpaka anaingia kaburini mwaka 1975, na akashindwa. Toleo la kwanza la kitabu chake lingali linatafutwa na wakusanyaji.

Wanaotucheka sisi wakusanyaji hawakosi hoja. Ukimfuata Sylvanus Morley, mwanaakiolojia Mmarekani wa zama za Thompson, bila mwongozo, utatoka na Wamaya wapole, makuhani watazama nyota wasiojua vita. Picha hiyo ilianza kupasuka mwaka 1946, michoro ya ukutani ya Bonampak, magofu ya Wamaya huko Mexico, ilipoonyesha mateka wakivuja damu vidoleni. Mwaka 1960 mtafiti Tatiana Proskouriakoff akaimalizia: mawe ya kuchongwa ya Piedras Negras, magofu ya Guatemala, yalikuwa yanasimulia kuzaliwa na kutawazwa kwa watawala, watu wa nyama na damu. Zaidi ya hapo, vingi vya vitabu hivi vinapatikana mtandaoni bure. Kwa nini basi mtu alipie karatasi zinazonuka ukungu?

Jibu langu ni picha. Maneno ya mtaalamu huzeeka, lakini bamba la picha lililopigwa vizuri huzidi kupata thamani kadiri jiwe lenyewe linavyoliwa na mvua. Mpelelezi wa magofu Mwingereza, Alfred Maudslay, alitoa mabuku yake ya akiolojia kati ya 1889 na 1902, na kwenye picha zake za magofu ya Copán na Quiriguá kuna michongo ambayo leo imefifia. Hata kodeksi ya Dresden, kitabu cha Wamaya cha kuandikwa kwa mkono kilichoko Dresden, Ujerumani, ina kisa hicho hicho. Mwaka 1945, mji uliposhambuliwa kwa mabomu, maji yaliingia ilimohifadhiwa, na sasa anayetaka kuona sehemu zilizoharibika hurudi kwenye nakala aliyoichapisha Ernst Förstemann mwaka 1880. Nakala imegeuka shahidi.

Hilo la mtandaoni nalo lina kasoro yake. Fungua buku lililoskaniwa kwa haraka, nenda kwenye ramani ya kukunjua: mara nyingi utaiona imepigwa picha ikiwa bado imekunjwa, robo yake tu ndiyo inayosomeka. Aliyekuwa akiskani hakuwa na muda wa kuikunjua.

Ninaposhindwa kujitetea ni kwingine. Mwaka 1844 mchoraji Mwingereza Frederick Catherwood alitoa mkusanyiko wa picha 25 za magofu, nakala 300 tu. Picha zake huuzwa moja moja, kwa hiyo kuna faida katika kulichana buku, na anayelipia picha hiyo ya kutundika sebuleni ni mtu wa aina yangu. Na vitabu vyenyewe vimeandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, vikatua kwenye rafu za watu binafsi mbali na Guatemala, ambako mamilioni bado wanazungumza lugha za Kimaya. Mkusanyaji anayejiita mhifadhi huku hamfungulii mtafiti mlango, simwelewi.

Mimi hununua mabuku yaliyochakaa. Jalada likining'inia kwa uzi, sawa. Kabla ya kutoa hela nageuza ukurasa wenye orodha ya mabamba, kisha nayahesabu moja baada ya jingine.