Wantam, Tutam, na Dirisha la Dawa

Shangazi yangu huuza mahamri na mbaazi nje ya geti lake kila asubuhi. Ana presha. Mwezi uliopita nilimsindikiza kwenye zahanati ya jirani, ambako kwa sheria tiba ni bure. Muuguzi alikuwa mmoja tu, mpole, macho mekundu kwa uchovu. Alimpima, akachana ukurasa wa daftari la shule, akaandika majina mawili ya vidonge. "Mama, hizi zimetuishia. Nunua hapo ng'ambo ya barabara." Shangazi akaikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la leso pamoja na noti zake. Kwenye duka la dawa aliuliza bei mara mbili, kisha akanunua vidonge vya siku kumi.

Basi kila nikisikia watu wakibishana kuhusu uchaguzi mkuu wa Kenya wa 10 Agosti 2027, kama Rais Ruto aishie muhula mmoja (Wantam) au apewe wa pili (Tutam), naliona lile pindo la leso.

Wanaosema Tutam wanataja takwimu, na zipo za kweli. Mapema 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Baadaye ikashuka hadi karibu 129 ikatulia. Mfumuko wa bei, uliopita asilimia 9 mwishoni mwa 2022, ulipungua sana. Ile Eurobond ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014, mkopo wa serikali kutoka soko la nje uliotutia hofu sote, ililipwa. Serikali ikishindwa kulipa madeni, anayeumia kwanza ni mtu kama shangazi, kwa hiyo kazi hiyo naiheshimu. Lakini tusisahau kwamba Februari 2024 tulikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 ili kulikabili deni hilo. Riba hiyo inalipwa na sisi.

Na tunalipa kwelikweli. Mwenye mshahara wa shilingi 100,000 alikuwa akikatwa 1,700 za NHIF, bima ya afya ya zamani. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ianze Oktoba 2024, anakatwa asilimia 2.75, yaani 2,750, na juu yake 1,500 za ushuru wa kujenga nyumba za bei nafuu. Ningetoa bila kinyongo kama ningeona dawa. Shangazi naye, enzi za NHIF, alilipa 500 kila mwezi. Sasa kiwango cha chini ni 300, lakini asiye na mwajiri anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, si chini ya 3,600. Mtu anayehesabu faida yake jioni, akatoa ya unga wa kesho, atazitoa wapi 3,600 siku moja? Zahanati haimdai mchango huo, lakini akizidiwa akalazwa hospitalini bila kuulipa, bili yote ni yake.

Wa Wantam nao nawauliza kwa uchungu uleule. Hasira ya maandamano ya 25 Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha ilikuwa ya haki, na vijana waliouawa hawatarudi. Kwa ajili yao nataka kusikia zaidi ya neno moja. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023: mtairudisha nane? Pengo mtaliziba na nini? Ushuru wa nyumba mkiufuta, miradi iliyoanza itamalizwa na pesa gani? Nimehudhuria mikutano miwili mwaka huu na sijasikia jibu. Nimesikia nyimbo.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni kwamba tunabishana kuhusu kura moja. Siku ile tutapewa karatasi sita za kura, na moja ni ya gavana wa kaunti. Afya iligatuliwa tangu 2013. Zahanati ile ni ya kaunti, muuguzi yule ni wa kaunti, na dawa hununuliwa na kaunti, nyingi kupitia KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa. Hazina ya Taifa ikichelewesha mgao, kaunti nayo inachelewa kuilipa KEMSA, na rafu za zahanati zinabaki tupu. Gavana ananyoosha kidole Nairobi, Nairobi inanyoosha kidole kwa gavana, na shangazi anavuka barabara kwenda kununua. Hata hivyo sijaona kijiwe kinachobishana kuhusu gavana kwa nusu ya moto wanaoutoa kwa urais.

Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, ziko wazi kwa kila mtu. Zinaonyesha kila kaunti ilitengewa kiasi gani na ilitumia kiasi gani kwa jambo gani. Nimeanza kusoma za kaunti yetu. Wanaotaka ugavana wakija barazani nitasimama na nambari mkononi niulize: za dawa zilikuwa ngapi, zilitoka ngapi, na wewe utaanza na lipi?

Nilimsimulia shangazi mpango huo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi siku hiyo uniite." Ile karatasi ya muuguzi bado anayo.