Ada peke yake haitoshi
Kuna mwandishi anadai kuwa mwanafunzi wa uzamivu (PhD) wa historia ya sanaa akishalipiwa ada ya chuo, amefadhiliwa vya kutosha. Nakataa kabisa. Mimi ni wa Newala, na vitu vya Wamakonde ambavyo tunataka vichunguzwe havipo vyote huku kwetu. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya, na mzigo ukaenda makumbusho ya Leipzig, Ujerumani. Kijana wetu atavionaje bila nauli, viza na pesa ya kukaa huko? Akirudi, kazi ndiyo kwanza inaanza: kukaa na wazee wanaojua mapiko, zile barakoa za ngoma ya jando. Wazee hao hawafunguki kwa mgeni wa siku mbili, wala si haki kuwalia muda wao bure. Kwa anayefanya uzamivu kwa kuchonga mwenyewe ndiyo zaidi, maana mpingo una bei na kuuvuna kunataka kibali. Je, kuna mchongaji yeyote wa Mtwara au Lindi humu aliyewahi kufadhiliwa kuitafiti kazi ya mikono yake mwenyewe?