Ngome ya Lamu: Tuanze na Askari au na Watumwa?

Tennessee, Marekani, kuna jumba la shamba liitwalo Carnton, lililojengwa 1826, ambako familia ya McGavock ilimiliki watumwa. Tarehe 30 Novemba 1864, vita vya Franklin vilipopiganwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, likageuzwa hospitali ya majeruhi wa jeshi la Kusini, upande uliotetea utumwa. Damu iliyoingia kwenye mbao za ghorofani haijatoka mpaka leo, na wageni huoneshwa. Basi jumba hilo ni la nani hasa: la askari waliopita, au la watumwa waliolitumikia karibu miaka 40?

Swali hilo linatuhusu Lamu. Ngome yetu pale Mkunguni, iliyokamilika 1821, husimuliwa kwa vita vya Shela: Waamu, yaani watu wa Lamu, walivyowashinda Wapate na Wamazrui, watawala wa Mvita (Mombasa), kisha wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman. Simulizi hiyo ina haki yake. Ndiyo sababu ya ngome kuwepo, na ndiyo inayomfanya mgeni alipe kiingilio.

Lakini utajiri wa mji katika karne ya 19 ulitoka pia ng'ambo, bara, ambako watumwa walilima mtama na ufuta, kama ilivyokuwa Malindi. Hao hawatajwi sana, na wanaonyamaza nawaelewa. Hapa kwetu mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa huswali safu moja. Neno moja la asili ya mtu likiponyoka barazani, posa inaweza kuvunjika. Wazee waliona heri stara, na stara hiyo imelinda ujirani. Anayeibeza hajaishi mitaa yetu.

Hata hivyo, kusitiri ukoo wa mtu si sawa na kufuta mateso ya maelfu. Mtembeza wageni anaweza kusema wazi kwamba utumwa ulipokomeshwa pwani kwa sheria ya 1907, fidia walipewa mabwana, si waliolima bure. Hapo hakuna nyumba ya mtu iliyotajwa. Aongeze na wafungwa, maana ngome ilikuwa jela kuanzia 1910 hadi 1984.

Mimi ningetaka ziara ianze na watumwa na wafungwa hao, vita vifuate. Aliyekuja kwa ajili ya askari hatakosa kitu.