Nani Anakula Pedi za Gari Langu?

Mjomba wangu aliendesha lori njia ya Tunduma miaka mingi, na hataki mtu asahau. Ukimpitishia chumvi mezani atakueleza alivyoshuka mlima Kitonga usiku, mvua inanyesha, taa moja imekufa, nyuma kabeba shaba ya Zambia. Alipostaafu alikuja kukaa kwetu Kimara. Mimi kazini naenda na mwendokasi, gari linabaki nyumbani, kwa hiyo kuwapeleka watoto shule, kwenda sokoni na kumpeleka shangazi kliniki zikawa kazi zake. Nani angemnyima usukani mtu aliyeshuka Kitonga na taa moja?

Gari lenyewe ni Toyota IST, otomatiki. Siku ya kwanza alipoiona gia yake aliguna. "Hii ni ya wavivu. Klachi iko wapi?" Nikamwambia haina. Akainama kabisa, akachungulia chini ya usukani kuhakikisha.

Baada ya muda mbele pakaanza kulia kwiiiii. Fundi wetu, kijana mmoja mwenye gereji chini ya mwarobaini, akavua tairi akasema pedi za breki zimekwisha. Hamna neno, pedi huisha. Akafunga mpya, tukalipa, tukasahau. Lakini pedi nzuri kwa dereva mtulivu hufika kilomita 30,000 na kupita. Hizi hazikufika hata 5,000, kwiiiii ikarudi.

Mjomba akawaka. "Huyo kijana kakuuzia feki! Twende."

Wazo halikuwa baya. Pedi feki zipo, tena boksi lake linaweza kung'aa kuliko la halali. Fundi akaapa kwa jina la mama yake. Safari hii mjomba akaenda Kariakoo mwenyewe, akazunguka maduka ya spea kuanzia asubuhi, akarudi na pedi za bei ya kuumiza, akasimama juu ya kichwa cha fundi mpaka zikafungwa. "Fungua na hizo pini za kalipa. Safisha. Paka grisi ya breki, siyo grisi ya bearingi, itavimbisha mipira!" Fundi anaitikia tu, "Sawa mzee wangu, sawa mzee wangu." Na kusema kweli, mjomba alikuwa anasema mambo ya maana. Breki anazijua kuliko mafundi wengi.

Pedi za Kariakoo nazo zikaliwa.

Wakati huo huo mafuta ya gari nayo yalikuwa hayakai. Nikaanza kumtazama kwa jicho baya kijana wa sheli, nikawa nashuka nasimama kwenye pampu nahesabu lita pamoja naye. Kijana wa watu hana hatia, masikini.

Tulipokwenda gereji mara hiyo, mjomba alishaamua kwamba kesi iende polisi. Alimkuta fundi anakunywa chai, hakumwachia hata amalize andazi. Aliongea habari za wizi, habari za vijana wa siku hizi, akapitia Kitonga, akarudi kwenye wizi. Fundi alisubiri hadi alipopumua. Kisha akavua tairi zote, akatandika kiroba chini, akapanga pedi nne kwa mstari.

"Mzee wangu, tazama mwenyewe. Hii ni ya kushoto, ya ndani. Hii ya kushoto, ya nje. Hizi za kulia. Unene ni mmoja. Pini zingekuwa zimekauka, ya ndani ingekwisha, ya nje ikabaki nene. Pistoni ingekuwa inang'ang'ania upande mmoja, upande huo ndio ungeliwa peke yake. Hapa zimekwenda pamoja zote. Na viatu vya breki vya nyuma navyo vimekwenda."

Mjomba akachuchumaa, akaziokota moja moja, akazigeuza. Akakosa la kupinga. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tatizo haliko kwenye tairi."

"Liko wapi?"

Fundi alimwangalia mjomba. Akaniangalia mimi. Akazitazama mvi za mjomba, akafuta mikono kwenye ovaroli taratibu sana.

"Labda barabara," akasema.

Basi tukailaumu barabara. Ya Kimara ina matuta na foleni zake, ilibeba lawama bila kulalamika. Tukafunga pedi nyingine na viatu vipya vya nyuma, maisha yakaendelea.

Halafu ikaja posa ya mdogo wangu. Binti wa watu yuko Lushoto. Ujumbe ulikuwa mjomba, shangazi, mshenga wetu mzee mmoja wa mtaani, na mimi mwenye gari, ambaye nilipewa kiti cha nyuma, magoti kidevuni. Nilipojaribu kusema nitaendesha mimi kutoka Mombo kwenda juu, mjomba hakunijibu. Alivaa miwani tu.

Kupanda tulipanda salama. Posa ilipokelewa, tulikula tukasaza, tukafungashiwa kabichi, karoti na ndoo ya plamsi, buti ikakataa kufunga vizuri. Kasheshe ilikuwa kushuka. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita thelathini na kitu za kona juu ya kona, ukuta wa mlima huku, bonde huku, na unashuka karibu mita 1,000. Mjomba alikuwa ametulia, anatoa darasa. "Mlima unashukwa na gia uliyopandia. Breki ni ya kusaidia tu. Vijana wanaokufa kwenye milima ni wale wa breki." Na kweli aliitoa gia kwenye D akaweka 2, nilimwona kwa macho yangu. Injini ikanguruma, gari likashikwa vizuri. Moyoni nikasema, tuna dereva.

Tulipopita Soni shangazi akanusa. "Nani amekalia kitu?"

Kimya.

"Kuna kitu kinaungua humu. Mshenga, huo mfuko wako una nini?"

Mshenga akakagua mfuko wake. Akakagua na kanzu yake kwa nyuma, kwa adabu. Harufu ikazidi, ile kali ya kukaba koo. Mjomba akasema ni lori la mbele. Mbele hapakuwa na lori. Kona iliyofuata nikaona moshi unapanda kwenye tairi la kushoto, na wa kulia haukuwa nyuma. Kisha mjomba akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Pedeli inazama."

Ndani ya gari kila mtu alianza kuomba kwa lugha anayoiamini. Mjomba, na hapa nampa haki yake, hakutaharuki. Akashusha gia hadi L, akawa anapampu pedeli, akavuta handbreki kidogo kidogo, akaliegesha gari kando penye kijiwe cha wauza matunda. Mshenga alikuwa wa kwanza kushuka, na chupa ya maji mkononi, anakwenda kuzima moto. Jamaa mmoja aliyekuwa anatengeneza pikipiki pale akapiga kelele, "Mzee, usimwage! Diski ikiwa ya moto hivyo ukiimwagia maji itapinda au ipasuke!" Mshenga akasimama, akainywa yote yeye.

Jamaa alikuwa fundi wa magari pia, Mungu hamtupi mja wake. Akaturuhusu tukae kwanza breki zipoe, akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akatikisa kichwa: meusi. Akatueleza kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi joto 205, yakishakunywa maji hushuka hadi kama 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, ndiyo maana mguu unazama bila breki kushika. "Lakini kilichoyachemsha ni nini? Mzee, ulishuka na gia gani?"

"Mbili!" Sisi sote wanne kwa pamoja.

Fundi akakuna kichwa. Hapo akatokea bodaboda mmoja na abiria wake na kuku wa abiria wake, akasimama kutushangaa.

"Ninyi ndio wenye hii IST? Nimewafuata tangu Soni, wazee. Mbona taa zenu za breki hazizimi? Nikawa najua mnasimama, nataka kuwapita, hamsimami. Nawapita, kona. Narudi nyuma, taa zinawaka tu."

Fundi akanyanyuka. Hakumwuliza mtu kitu. Akamwambia mjomba kwa heshima zote, "Mzee wangu, hebu kaa kwenye usukani, washa, fanya kama unaendesha. Usikanyage breki."

Mjomba akaingia. Mimi niliinama mlangoni. Mguu wa kulia ukaenda kwenye mafuta, mahali pake. Mguu wa kushoto, ndani ya kubazi lake la ngozi, ukazunguka hewani kidogo unatafuta klachi iliyoukosesha kazi tangu siku ya kwanza, haukuiona, basi ukapanda juu ya pedeli ya breki ukatulia kama paka kwenye kochi.

"Zimewaka!" bodaboda akapiga kelele kutoka nyuma.

"Sijagusa kitu," mjomba akasema.

"Mzee, toa mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Akauangalia. Naapa alishangaa kuliko sisi. Akauondoa, taa zikazima. Akasahau, ukarudi. "Zimewaka!" Akauondoa. "Zimezima!" Wauza matunda wakaacha biashara, wakajipanga nyuma ya gari, kila mguu ukirudi wanashangilia. Shangazi alikaa juu ya ndoo ya plamsi anacheka mpaka kilemba kikamtoka. Kumbe pedi za fundi, pedi za Kariakoo, mafuta ya sheli, zote zilikuwa zinaliwa na kubazi. Hakukanyaga kwa nguvu, aliupumzisha tu, lakini pedi ikigusa diski kutwa nzima inasagika hata kama imetengenezwa mbinguni, na injini inakunywa mafuta ya kuvuta gari na breki pamoja.

Mafuta ya breki yalibadilishwa, pedi zilizobaki zilitufikisha, na shangazi akatoa amri ambayo hata dereva wa Kitonga hakuithubutu: usukani nipewe mimi.

Kesho yake mjomba alikwenda gereji mwenyewe kwa miguu, kabichi mbili kwapani. Hakuomba radhi, watu wa umri wake wana njia zao. Aliziweka juu ya boksi la spana akasema, "Za Lushoto hizo." Fundi akashukuru. Mjomba alipotoka nikamwuliza fundi, "Ulijua?"

"Nilijua tangu zile pedi nne."

"Mbona hukusema?"

"Bosi, mzee kama yule ningemwambia mguu wake unaiba?"

Siku hizi pedi zinakaa. Tukitoka pamoja naendesha mimi, mjomba anakaa kushoto, na kila gari likitokea mbele anakanyaga chini kwa miguu yote miwili. Kapeti la upande wake limetoboka. Nilimpelekea fundi alitazame, akaingiza kidole kwenye tundu, akasema hiyo siyo kazi yake, niende kwa mafundi wa viti.