Baki Njia Kuu? Njia Kuu Yenyewe Inabomolewa

Nyumbani Tanzania walituhubiria wee kuhusu mapenzi: baki njia kuu, michepuko si dili. Haya, tumekubali. Sasa hapa Syracuse, jimbo la New York, njia kuu ndiyo inayobomolewa, na serikali kwa mkono wake imesimamisha mabango ya rangi ya chungwa yanayotuelekeza mchepuko uko wapi. Tumtii nani jamani?

Njia yenyewe ni Interstate 81, ile inayotoka Tennessee mpaka mpakani na Kanada. Ilipofika katikati ya mji huu, wahandisi wa miaka ya 1950 na 1960 hawakuizungusha nje. Waliipandisha juu ya nguzo, kilomita 2 na ushee, wakaipitisha moja kwa moja juu ya mtaa wa watu Weusi ulioitwa 15th Ward. Nyumba zikaenda, maduka yakaenda, makanisa yakaenda. Waliobaki wakaachiwa kivuli. Na kivuli cha flaiova si kama cha mwembe, hakina hata embe la kukuangukia. Kinachodondoka pale ni maji ya chumvi, tone moja moja, yanalenga shingo.

Yale maji ndiyo yaliyoleta habari yote hii. Mji huu hupata zaidi ya mita 3 za theluji kwa mwaka. Theluji ikishuka barabara inamwagiwa chumvi, chumvi inayeyuka, inapenya kwenye viungo vya daraja, inazifuata nondo ndani ya zege. Nondo ikiota kutu inavimba. Ikivimba, zege linapasuka kama kisigino cha kiangazi, linaanza kumeguka vipande. Ndiyo maana ukitazama nguzo ya zamani utaona nondo zimetoa meno nje. Daraja kama lile lina umri wake wa kazi, na hili umri ulikwisha mwaka 2017. Mambo yakabaki mawili: ujenge jipya pana zaidi, kwa sababu kanuni za leo hazikubali kona na kingo nyembamba za zamani, na upana huo maana yake ni kubomoa majengo mengine, au ulishushe chini, magari yapite kwenye bulevadi, barabara ya mjini yenye taa, miti na vivuko. Mwaka 2022 wakaamua lishuke. Zaidi ya dola bilioni 2 mradi mzima.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. "Tutachelewa!" Nani atachelewa? Aliye pembezoni mwa mji, anayeingia asubuhi na kutoka jioni. Dakika zake zinahesabiwa kama dhahabu ya Geita. Za yule anayevuka chini ya daraja kwa miguu, akiruka madimbwi kwenda hospitali, hazijawahi kuingia kwenye kitabu cha mtu.

Halafu watu wanadhani kubomoa ni kuleta tingatinga na vumbi. Thubutu. Unaanza mbali kabisa na mahali penyewe. Kuna barabara ya mzunguko upande wa mashariki, I-481. Hiyo ndiyo inarekebishwa kwanza, makutano yake ya kaskazini na ya kusini, ili malori yanayopita tu yawe na pa kwenda. Hiyo ndiyo itakayorithi jina la 81, na ya mjini itaitwa Business Loop 81. Kwa hiyo 481 ni 81, na 81 ni 81 ya biashara. Mwelekeze mgeni kwa simu uone kama hajaishia Kanada.

Ukishayaondoa malori, bado usiguse nguzo. Tazama chini. Pale kuna mabomba ya maji, ya gesi, ya maji taka, na nyaya za kila kizazi. Michoro ipo, tena mizuri, imepigwa rangi. Mchoro unasema bomba liko mita moja na nusu upande ule. Sululu inasema liko hapa hapa, na limeshatoboka. Miradi ya namna hii ratiba yake hufia ardhini kuliko inavyofia juu. Mwenye akili anachimba mashimo madogo ya majaribio mapema, anaona kwa macho, ndipo anasaini.

Juu nako kuna shughuli. Chuma cha enzi zile mara nyingi kimepakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, huwezi kukikata kwa moto hewani watoto wanacheza ng'ambo. Kinafunikwa kwa maturubai, rangi inakwanguliwa na kufyonzwa kwanza. Sakafu ya daraja inakatwa vipande kwa msumeno wa almasi unaomwagiwa maji ili vumbi lisiruke, kipande kinanyanyuliwa na kreni, kisha mihimili, kisha nguzo. Msingi wa nguzo unakatwa chini ya usawa wa ardhi, maana ukiuacha, mti utakaopandwa juu yake utakutana na zege na kufa kimya kimya. Zege linasagwa, linarudi kama kifusi cha kutandika chini ya barabara mpya. Nondo zinakwenda kwa wa chuma chakavu, ambao ndio watu pekee katika mradi huu wasiolalamika.

Majirani zetu Rochester walikuwa na ugonjwa tofauti. Barabara yao haikupanda juu, ilizama. Inner Loop, mtaro mkubwa uliouzunguka mji, ulikamilika mwaka 1965. Kipande cha mashariki walikifukia kati ya 2014 na 2017, kwa karibu dola milioni 22. Kufukia shimo, utasema, hata mtoto anaweza. Sawa, mpe mtoto koleo. Kifusi kinawekwa tabaka kwa tabaka, sentimita 20 hadi 30, kila tabaka linanyunyiziwa maji kiasi chake, linashindiliwa, linapimwa, ndipo linafuata jingine. Ukimwaga lori zote kwa siku moja ukaipigia deki, baada ya misimu miwili ya baridi lami inaanza kucheka, hasa pale bomba linapokatiza, upande mmoja umetulia na mwingine umeshuka. Leo pale juu ni mtaa wa kawaida, Union Street, una njia ya baiskeli iliyotengwa, na kwenye ekari kama 6 zilizopatikana wamejenga nyumba za kupanga. Magari yaliyokuwa yakipita mle hayajulikani yameenda wapi, na hakuna aliyeyatangaza kuwa yamepotea.

Hilo huwa linawashangaza watu, ila si uchawi. San Francisco walikuwa na flaiova ya ghorofa mbili kando ya bahari, Embarcadero, imewafunika hata jengo la feri lenye mnara wa saa. Mwaka 1986 wananchi waliulizwa kwa kura, wakakataa kuibomoa. Oktoba 1989 tetemeko la ardhi likapiga kura yake. Meya Art Agnos akasema basi isijengwe tena, wafanyabiashara wa Chinatown wakamjia juu, ikabomolewa mwaka 1991, na mwaka huo huo naye akaangushwa kwenye uchaguzi. Ile foleni ya kufunga mji iliyotabiriwa haikutokea. Dereva akifungiwa njia anafanya mambo matatu: anatafuta mtaa mwingine, anabadili saa ya kutoka, au anagundua kwamba safari yenyewe haikuwa na ulazima. Wengine wanapanda basi na kukaa wamenuna dirishani. Leo pale pana mitende ya mapambo na tramu, na kila mtu anapiga picha. Agnos sijui kama huwa wanamtumia hata moja.

Tuje kwenye vipilefti. Bara huko tunajua, kipilefti ni kipilefti, unashika kushoto unazunguka. Huku wanaendesha kulia, kwa hiyo kwa haki kabisa kinatakiwa kuitwa kipiraiti, lakini ukitamka hivyo Mtanzania mwenzako anakuona umechanganyikiwa. Kipilefti kidogo cha leni moja ni dawa nzuri, kasi inashuka yenyewe bila trafiki. Kikubwa cha leni mbili ni mtihani kwa mwenye miguu, kwa sababu dereva anayetoka hatazami kivuko, anatazama leni ya pembeni yake. Sasa mpango wa mwanzo wa hapa Syracuse ulikiweka kimoja karibu na shule ya msingi ya Dr. King. Wazazi wakapiga kelele mpaka kikasogezwa. Mtu alikaa mezani, akachora duara, akaona shule pale kwenye ramani, akaendelea kunywa kahawa.

Lakini roho ya bulevadi ni upana wake, na hapo ndipo miji mingi inapopigwa chenga. Detroit walitangaza kuifukia I-375, barabara yao kuu iliyozama mtaroni, na kuigeuza bulevadi, watu wakashangilia, michoro ikatoka: sehemu nyingine leni 9. Hiyo ni barabara kuu ile ile, imechoka kujificha mtaroni, imepanda juu kuota jua.

Chukua penseli. Mtaalamu wa magari anataka leni ya mita 3.6, "kwa usalama". Leni 6 ni mita 21.6. Ongeza mstari wa maegesho kila upande, mita 2.4 mara mbili, unapata 26.4. Taa za Marekani kwa kawaida zinamhesabia mtembea mita 1.07 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 25 akiwa mzima, hana mtoto mgongoni, hana mzigo, na hajateleza. Sasa punguza leni iwe mita 3, na pale konani urefushe njia ya miguu iingie mahali pa maegesho. Umebaki na mita 18, sekunde 17. Hujanunua mtambo wowote, umesogeza rangi na ukingo. Katikati weka kisiwa kisichopungua mita 1.8 ili mwenye kigari cha mtoto asimame bila kuchomoza upande wowote. Dereva naye kwenye leni nyembamba anajikuta ameinua mguu mwenyewe. Leni pana anaisoma kama ruhusa.

Kona nayo. Ukiikata kwa mviringo wa mita 12, gari linapinda bila kugusa breki. Ukiikata kwa mita 4 au 5, linapinda kwa adabu. Watakwambia lori la zimamoto litapitaje. Litapita, litakanyaga leni ya pili kama linavyofanya kila siku. Na taa zikipangwa zifuatane kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, anayekimbia 70 anafika kwenye nyekundu kila kituo, anapiga honi, anakukuta umetulia pembeni yake na baiskeli yako.

Miti mimi naionea huruma mapema. Kwenye picha za mradi kila mti una kivuli cha mbuyu. Mti mkubwa unataka kama mita za ujazo 28 za udongo usioshindiliwa. Ukiuzika kwenye kishimo cha mita moja kwa moja kati ya lami na bomba, chumvi ya barabarani inaumaliza kabla ya utepe wa uzinduzi kuchakaa. Na huku kwetu kati ya lami na njia ya miguu inatakiwa nafasi ya kutupia theluji, mita 2 hivi. Usipoiacha kwenye mchoro, theluji itajichagulia yenyewe.

Ardhi itakayobaki wazi ndiyo inayowanyima watu usingizi. Nyumba za umma za Pioneer Homes ziko ubavuni mwa daraja, zimemeza moshi wake tangu lijengwe. Jua likifika dirishani, kodi nayo itapanda ngazi? Kama nani anamiliki, nani anajenga na kwa bei gani havijaandikwa kabla nguzo ya mwisho haijaanguka, anayevumilia vumbi si yeye atakayekaa kwenye benchi.

Nyumbani nako tunapandisha. Nairobi wamefungua ya kulipia mwaka 2022, kilomita 27, sehemu yake iko juu ya nguzo. Dar flaiova ikizinduliwa tunapiga selfi. Sisemi kitu.

Nasema hili la theluji. Katiza mjini Januari, asubuhi. Katapila limeshapita, barabara nyeusi inang'aa, limesukuma theluji yote konani, pale pale penye mteremko wa kigari cha mlemavu. Rundo la kiunoni, juu limeganda. Wa barabara wanasema ni la njia ya miguu, wa njia ya miguu wanasema ni la mwenye jengo, mwenye jengo yuko Florida. Taa ya kuvuka imewaka, sekunde zinahesabu kurudi nyuma, 17, 16, 15. Bibi analitazama rundo, anamkabidhi kijana wa nyuma mfuko wa viazi, anapandisha kanga juu ya koti, anaanza kupanda.