Ligi Kuu Tanzania 2024/25: bingwa alipatikana kwenye mechi mbili tu, na moja tuliisubiri siku 109

Niseme mapema kabisa, mi ni wa Msimbazi, yaani Simba, toka nikiwa mdogo, baba yangu ndo alinipeleka huko na sijawahi kutamani kutoka, kwahiyo nikiandika hapa kwamba Yanga walistahili ubingwa wa msimu wa 2024/25 mjue sijaandika kwa mahaba. Nimekaa na msimamo wa ligi nikaupigia hesabu mwenyewe, na hesabu zimenikatalia kila nilipotaka kujitetea. Ila kuna jambo la pili ambalo watani zetu wa Yanga hawapendi kulisikia, kwamba msimu ule uliingia doa Machi 8, siku dabi yetu na wao ilipokwama, na doa lile halifutwi na kombe. Nataka niyaweke yote mawili maana humu mtaani kila mtu anashika moja tu anakimbia nalo.

Tuanze na namba. Yanga walimaliza na pointi 82, Simba 78, Azam wa tatu 63, Singida Black Stars wa nne 57. Mechi 30 kila timu. Sasa angalieni vizuri, Simba msimu mzima tulifungwa mechi mbili tu, na zote mbili alitufunga Yanga. Sare tatu, Coastal Union, Fountain Gate na Azam. Basi, zilizobaki zote tulishinda. Yanga wao walifungwa na Azam 1-0, wakafungwa na Tabora United 3-1, hiyo ndani ya wiki moja ya Novemba, kisha wakatoka 0-0 na JKT Tanzania mwezi wa pili. Ukiitoa dabi, maana yake kwa zile timu nyingine 14 Simba tulidondosha pointi 6 na Yanga walidondosha 8. Yaani dhidi ya ligi nzima iliyobaki sisi tulikuwa bora kuliko bingwa kwa pointi 2! Halafu tulipokutana wenyewe kwa wenyewe wakabeba zote 6. Tofauti ya mwisho ni 4. Hapo hakuna kona ya kujificha.

Ndo maana wale wenzangu wanaosema tuliporwa msimu kwa sababu ya waamuzi wa mikoani, sijui mdhamini mmoja kuwa na mkono kwenye timu zaidi ya moja, mi nawasikiliza lakini nawauliza, pointi gani? Hoja ya mdhamini ni hoja nzito na TFF, shirikisho letu la soka, wanatakiwa kuifanyia kazi, ligi yoyote ikiruhusu hela ya mtu mmoja ikae upande wa timu mbili zinazokutana, hata kama hakuna kilichofanyika, shabiki hatoamini matokeo, na ukiongezea kwamba Yanga walipoondokewa na kocha Ramovic mwezi wa pili wakamchukua Miloud Hamdi kutoka Singida Black Stars ambako hata hakuwa amekaa, maneno lazima yawepo. Sawa. Lakini ubingwa huu hatukuupotezea Singida wala Mbeya. Tuliupotezea kwenye uwanja wa Mkapa, mbele ya macho yetu, Oktoba 19 kwa goli la kujifunga la Kijili wetu dakika za mwisho, na Juni 25 kwa mabao mawili.

Na kuna sifa ambayo Yanga hawapewi. Timu ilipitia makocha watatu ndani ya msimu mmoja, Gamondi akaondoka Novemba baada ya vile vipigo viwili, akaja Ramovic akakaa kidogo akaenda zake Algeria, akaja Hamdi, na bado wakashinda mechi 27 kati ya 30. Timu nyingine kocha mmoja akiondoka inakaa mwezi mzima haijui inacheza nini. Ile ni timu iliyojengwa misimu minne, inajua kushinda hata siku inayocheza vibaya, na sisi tulikuwa na kikosi kipya cha kocha Fadlu, vijana wengi wageni, Ahoua kaingia msimu wake wa kwanza na kaondoka na kiatu cha mfungaji bora kwa mabao 16. Kwa timu mpya kufikisha pointi 78 na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika juu, sio msimu wa kudharau hata kidogo.

Sasa tuje Machi 8.

Siku ile ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na jamaa mmoja alikuja na basi kutoka Mbeya, mtu wa Yanga kindakindaki, tunajuana miaka mingi na hatujawahi kugombana kwa mpira. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walikuwa wamefika uwanjani kufanya mazoezi yao ya mwisho wakazuiwa getini, alfajiri tunaamka taarifa ya klabu imetoka kwamba hatuchezi. Asubuhi nzima hakuna mtu aliyejua kama mechi ipo au haipo, watu wakaendelea kumiminika Temeke, tukawa tumekaa chini kwenye kivuli cha turubai la mama mmoja anauza jezi, upande wa kushoto kijani na njano, upande wa kulia nyekundu na nyeupe. Mchana bodi ya ligi ikatoa tamko kwamba mchezo umeahirishwa. Yule mama alisikia kwenye redio ya bodaboda, hakusema neno, akaanza kukunja jezi moja moja anazirudisha kwenye kiroba, anaanza na nyekundu anamalizia na kijani. Jamaa yangu akaniangalia tu. Basi la Yanga likaja uwanjani jioni kama ratiba inavyosema. Mpinzani hayupo.

Hoja ya Simba naijua na naielewa. Kanuni inampa timu mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi kabla ya siku ya mchezo, na mechi ile mwenyeji alikuwa Yanga, sisi wageni. Ukinizuia kuingia, tena usiku, wachezaji wamekaa kwenye basi getini, umevunja kanuni, na kanuni ikivunjwa dhidi yangu halafu nikacheza tu nimekubali ivunjwe na kesho. Viongozi wetu walisema wasipochukua hatua kali itakuwa mchezo wa kila mwaka. Nawaelewa.

Hoja ya Yanga nayo ina miguu. Wao walisema kufanya mazoezi uwanjani ni haki lakini kukosa mazoezi sio sababu ya kususa mechi, unacheza, unaandika malalamiko, wenye makosa wanaadhibiwa. Mpinzani kagoma, sisi tumefika, tupeni pointi zetu tatu. Na wakashikilia hapohapo, hatuchezi tena mechi ambayo ilishapita, wakaenda mpaka CAS, mahakama ya michezo ya kimataifa, kule wakaambiwa warudi kwanza wamalize ngazi za ndani.

Mi kwenye hili naegemea upande wa watani na sioni aibu kusema. Kususa mechi kubwa kuliko zote nchini, masaa machache kabla, watu wameshalala njiani kwenye mabasi, ni kumwadhibu asiye na kosa. Tungeingia uwanjani Machi 8 tungeingia na hasira na haki yote iko mikononi mwetu. Lakini pia watani wasijifanye malaika kwa sababu Mei 8 ya 2021 hawa hawa walifanya kitu cha aina hiyohiyo. Mechi ilipangwa saa 11 jioni, ikasogezwa mpaka saa 1 usiku siku hiyohiyo, Yanga wakasema kanuni hairuhusu kubadilisha muda ghafla hivyo, wakaja uwanjani kwa muda wao wa zamani, wakasubiri, wakaondoka. Simba tukabaki kwa muda mpya. Na mwaka ule Yanga walisifiwa na watu wao kwa msimamo na sisi ndo tuliokuwa tunadai pointi za mezani! Mechi ikaja kupigwa Julai 3, Zawadi Mauya akatufunga, ubingwa tukachukua sisi. Kwahiyo ndani ya miaka minne kila klabu imeshakaa pande zote mbili za meza, kila moja ikitumia maneno ya mwenzake.

Na hapo ndo napofika kwa bodi ya ligi, maana kwangu mi kosa kubwa la msimu ni lao kuliko la klabu yoyote. Klabu zinavutia kwake, ndo kazi yao. Mwamuzi wa ugomvi ni bodi, na bodi iliahirisha mechi bila kusema nani alikosea. Ingeweza kusema Yanga mlimzuia mgeni, adhabu hii hapa, na mechi inapigwa tarehe fulani. Au Simba mmesusa, pointi zinaenda Jangwani. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili ungeumiza upande mmoja kwa wiki mbili watu wakatulia. Badala yake tukakaa kuanzia Machi 8 mpaka Juni 25, siku 109, tarehe inatajwa Juni 15 inasogezwa, huku huyu anasema anacheza huyu anasema hachezi, mpaka viongozi wa juu wa bodi wenyewe wakaondoka kwenye nafasi zao Juni hiyohiyo ndipo mpira ukachezwa.

Kuna wanaoitetea bodi, na sio wajinga. Wanasema fikiria wangewapa Yanga pointi za mezani mwezi wa tatu, ligi ingekufa palepale, nusu ya nchi ingesema ubingwa wa karatasi. Na kweli ukiangalia tulichokuja kupata ni siku ya mwisho ya ligi, Yanga 79, Simba 78, wanakutana. Simba akishinda anafika 81 na kombe lake. Hata waandishi wa tamthilia wasingepanga vile. Yanga 2023/24 walimaliza kazi wakiwa na mechi mkononi, safari hii mpaka dakika ya 86 alipofunga Mzize wa Yanga kulikuwa na mtu anaamini. Waamuzi wakaletwa kutoka Misri, na malalamiko ya mwamuzi hayakupata nafasi ya kutawala.

Nakubali siku yenyewe ilikuwa nzuri. Ila utamu ule ulikuja kwa bahati, haukupangwa na mtu, na kama Yanga wangekuwa wametuacha pointi 5 ile mechi ingechezwa na vikosi vya pili mbele ya viti vitupu na leo hakuna ambaye angeitetea bodi. Na kingine ambacho sisi Simba hatukisemi kwa sauti, kuahirishwa kule kulituumiza wenyewe. Machi tulikuwa na miguu. Baada ya hapo tukacheza Al Masry mpaka penalti, Stellenbosch nyumbani na Afrika Kusini, fainali na Berkane ya Morocco, tukafungwa 2-0 kule kwao na 1-1 Zanzibar, na viporo vya ligi juu yake, leo hapa keshokutwa kule. Pacome wa Yanga anapiga penalti ile Juni 25 wachezaji wetu walikuwa wameisha. Pointi tatu zilezile ambazo Yanga walikuwa wanazidai mezani Machi wakazichukua uwanjani Juni. Msimamo ungekuwa uleule, 82 kwa 78.

Halafu tunasahau wengine. Wiki zote zile redio ni dabi tu, na kuna timu zilikuwa zinapigania maisha. KenGold ya Chunya ilipanda ikashuka msimu huohuo, na kumbukumbu waliyotuachia ni lile goli la Bwenzi kutoka katikati ya uwanja dhidi ya Yanga siku waliyofungwa 6-1. Kagera Sugar ikashuka baada ya miaka mingi. Dodoma Jiji basi lao lilipata ajali mkoani Lindi wakitoka Ruangwa kucheza na Namungo, wachezaji wakaumia, mechi yao na Simba ikasogezwa, na hiyo ndo sababu ya kuahirisha mechi, watu wameumia. Mkataba wa televisheni wa Azam TV ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 na hela hiyo inalipa mishahara ya timu hizi pia, na inakuja kwa sababu ratiba ipo na mechi zinachezwa. Toka Azam achukue ubingwa bila kufungwa msimu wa 2013/14 mpaka huo wa 2024/25 hakuna mwingine aliyegusa kombe zaidi ya sisi wawili, matatu yao kuanzia 2014/15, manne yetu kuanzia 2017/18, manne yao tena kuanzia 2021/22. Azam msimu ule alimaliza pointi 15 nyuma ya sisi tulioshika nafasi ya pili. Ligi ikiwa hivi, mechi mbili za dabi zinakuwa karibu ligi nzima, sasa ukicheza na moja wapo umecheza na msimu.

Juni 25 ilikuwa Jumatano. Yule jamaa yangu wa Mbeya hakuja, nauli ya mara ya pili hakuwa nayo na kazini hawakumpa ruhusa. Alitazama kwenye kibanda huko kwao. Mzize alipofunga simu yangu ikaita, nikapokea, nasikia kelele tu, vuvuzela, watu wanaimba, yeye haongei. Nikadhani atanitania. Baadae kelele zikapungua kidogo akaniambia, kaka, nilitakiwa niwe hapo.