Yuzikesi isiyosema "na ikifeli je?" bado haijaandikwa

Nimeletewa dokumenti ya mahitaji ya mfumo wa kukata tiketi za basi, kurasa kibao, daiagramu zimechorwa vizuri, vikatuni vya vijiti upande huu na maduara ya "Kata tiketi", "Lipa", "Ghairi safari" upande ule, afu ukitafuta maneno ya kueleza kinachotokea abiria akishabonyeza lipa, hakuna. Hakuna kabisa. Na wanasema yuzikesi (use case, yaani maelezo ya mtu anavyoutumia mfumo) zimekamilika tuanze kujenga. Imeniudhi sana.

Jamani, daiagramu sio yuzikesi. Ivar Jacobson, yule Msweden aliyetokea Ericsson kwenye mitambo ya simu, aliliweka wazo hili hadharani 1987, UML, lugha ya michoro ya mifumo yenye daiagramu kama hizi, ikaja kupitishwa kuwa standadi 1997. Yuzikesi ni maelezo: mtu anataka kitu, anafanya hivi, mfumo unajibu vile, mpaka apate alichotaka au akikose. Picha inasaidia kuonyesha nani anatumia nini, sawa, nakubali, ila kazi yake inaishia hapo.

Na hata wanaoandika maelezo wengi wanaandika ile njia nzuri tu. Abiria anachagua safari, mfumo unaonyesha siti zilizo wazi, anachagua siti, mfumo unamshikia, analipa, mfumo unatoa tiketi. Hatua 6, mtu yeyote anaziandika kabla chai haijapoa. Kazi yenyewe inaanza ukirudi kwenye kila hatua na kuuliza, na ikifeli je? Watu wawili wamegusa siti ileile kwa wakati mmoja, nani anaipata? Siti inashikiliwa muda gani, na muda huo kaupanga nani? Njoo hatua ya 5, kulipa: pesa imekatwa lakini jibu la malipo halijarudi, mtandao umekata katikati, huyu abiria ana tiketi au hana? Akibonyeza tena anakatwa mara mbili? Na kama muda wa kushikiliwa siti umeisha wakati pesa iko njiani, mfumo ushamuuzia mtu mwingine, nani anarudishiwa pesa, lini, na nani anamwambia?

Hayo sio maswali ya divelopa, ni ya mwenye biashara, na asipoulizwa yanajibiwa hivyo hivyo. Divelopa atajibu peke yake usiku akiwa na haraka, ataweka kitu kinachomwingia akilini, na hakuna mtu ofisini atakayejua kwamba uamuzi ulishafanyika mpaka abiria asimame mlangoni mwa basi, pesa imekatwa, jina halipo kwenye orodha. Huyo mtu ana safari yake, pengine ni msiba, pengine ni usaili wa kazi. Ndo maana sikubali kuambiwa "hayo tutayaona huko mbele".

Kuyaandika wala sio kazi ngumu. Hatua ya 5 ni kulipa, basi 5a jibu halijarudi, 5b salio halitoshi, 5c muda wa siti umeisha, na kila moja unasema inarudi hatua ipi au inaishia wapi na abiria anabaki na nini mkononi. Testa akizipata hizo anajua ajaribu nini.

Kingine, acheni kuandika "anabonyeza batani ya bluu kulia juu", andika anachotaka mtu, batani itahamishwa tu. Na "Kuingia kwenye mfumo" sio yuzikesi ya kujitegemea, hakuna anayefungua mfumo lengo lake likiwa kuingia.

Najua wapo watakaosema siku hizi ni ajaili, mfumo unajengwa kidogo kidogo kwa awamu fupi, tuna yuzastori, yaani sentensi moja ya "mimi kama abiria nataka hiki ili nipate kile". Kwa kitu kidogo sawa, sibishi. Ila ile sentensi moja ilitakiwa iambatane na mazungumzo na vigezo vya kukubali kazi, na panapopita pesa za watu lazima mazungumzo hayo yaandikwe mahali. Kasi na usalama viandikeni pembeni, yuzikesi haibebi kila kitu.

Kama hujui hizo 5a na 5b utazitoa wapi, usikae na bosi peke yake, bosi atakupa njia nzuri kila siku. Kaa na anayepokea malalamiko ya wateja, kaa na mhasibu anayelinganisha malipo na tiketi zilizotoka, waulize nini kinawachelewesha kurudi nyumbani jioni, na wakianza kuongea wewe andika tu.